Leseni ya Ma Theofila

Pikapu ilianza kurudi nyuma kabla Theofila hajajua kama ameachia breki au ameikanyaga. Ilikuwa katikati ya kile kilima kikali kinachopanda kutoka sokoni kwenda kanisani, saa ambayo nusu ya mji wa Roseau iko barabarani, na nyuma yake palikuwa na basi limejaa watu. Dereva wa basi hakupiga honi, aliiegemea. Theofila akakanyaga kila kilichokuwa chini ya miguu yake. Injini ikakohoa, ikazimika.

"Washa tena, mama," akasema Koplo Darroux, askari wa trafiki aliyekuwa akimtahini. Alikaa kiti cha kushoto, ubao wake wa kuandikia mapajani, na hakuwa mkali. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi Theofila. Angemfokea, angepata pa kumchukia.

Akawasha. Ikaruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikazimika.

"Ma, shuka uibembeleze!" muuza karanga akapaza sauti kutoka kwenye ngazi za duka. "Labda imenuna!"

Watu wakacheka. Abiria wa basi wakatoa vichwa madirishani ili wasipitwe. Theofila akawasha mara nyingine, na mara hii pikapu ikateleza nyuma moja kwa moja, mpaka Koplo akanyoosha mkono, akavuta breki ya mkono mwenyewe.

"Inatosha," akasema. "Tubadilishane viti."

Theofila akashuka. Akazunguka mbele ya gari na viatu vyake vya kanisani, macho ya barabara nzima mgongoni mwake, akapanda upande wa abiria kama mzigo. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Tangu alipobatizwa hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja.

Uani kwenye kituo cha trafiki mumewe, Hesketh, alikuwa akingoja, ameegemea ukuta, kofia imeshuka hadi kwenye miwani yake myeusi.

"Bwana Valmond, mkeo bado," Koplo akamwambia. "Ishara anazijua zote, na kwa sheria anawashinda hata vijana wangu. Lakini woga umemkaa kooni. Arudi mwezi ujao." Akamkabidhi ufunguo. "Leo shika usukani mwenyewe, umfikishe nyumbani salama. Ana bahati, ana dereva."

Hesketh akacheka kile kicheko chake cha mbele za watu. "Nitamfikisha, afande."

Theofila akafungua mlango wa dereva, akauacha wazi, akagonga bati kwa kidole kama mtu anayekung'uta vumbi. Hesketh akaifuata ile sauti, mkono wake ukaukuta mlango, akaingia.

*

"Nyooka," Theofila alisema walipotoka mjini. Hakuinua sauti. "Nyooka. Lori linakuja. Kushoto kidogo. Bado. Hapo hapo. Sasa kona ya kulia, ile ya bomba la maji. Piga honi. Kata. Kata zaidi. Rudisha."

Hesketh alikata, akarudisha. Mikono yake ilikuwa bado mikono ya dereva mzuri kuliko wote wa kijiji chao cha mlimani, Morne Zaboka. Macho ndiyo yaliyokuwa yamemwacha. Presha ya macho ilikuwa imeyala kutoka pembeni, polepole, mpaka sasa aliiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia shingo ya chupa, na chupa yenyewe chafu. Daktari alishamwambia aache kuendesha. Hesketh alimwitikia daktari, akatoka, akapanda pikapu, akamwambia mkewe: "Wewe uone, mimi niendeshe. Na mtu asijue."

Mtu hakujua. Hata binti yao Gwenda hakujua. Alidhani baba yake anavaa miwani myeusi kwa maringo. Magimbi na ndizi za mlima mzima ziliendelea kushuka sokoni nyuma ya pikapu ile, pamoja na wenye magimbi wenyewe, wamekaa juu ya magunia. Majirani walisema akina Valmond wanapendana hadi uzeeni. Tazama wanavyozungumza njia nzima, midomo haifungi.

Kila safari Theofila alishuka garini na shingo imekakamaa na nguo imeloa mgongoni. Upande mmoja wa barabara ile ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni hewa, na chini ya hewa ni bahari. Neno moja likichelewa, wamekwisha. Ndiyo maana alikwenda kuchukua kibali cha mwanafunzi wa udereva, akamwomba binamu yake mmoja amfundishe, akawaambia watu ni hamu tu ya uzeeni.

"Umefeli wapi?" Hesketh akauliza.

"Kilimani. Basi lilikuwa limenikaba nyuma, Hesketh. Lingeniponda."

"Basi la nyuma yako kwenye mlima litakupondaje? Wewe ndiye ungeliponda." Akatabasamu peke yake. Kisha akasema, "Achana na mambo haya, Tefi. Tunakwenda vizuri hivi hivi."

"Vizuri?"

"Tumewahi kugonga mtu?"

Kona ya daraja ilikuwa imefika. "Kata," Theofila akasema.

*

Habari ilipanda mlimani mbio kuliko wao. Kesho yake alipoingia dukani kwa Irvin kununua samaki wa chumvi, wanaume waliokuwa wakicheza domino walinyanyua vichwa wote pamoja.

"Ma Theofila," Irvin akasema, akikata samaki, "tumesikia umeupenda mji mpaka ukaondoka kinyumenyume, usiache kuutazama!"

Wakacheka, domino zikaruka mezani. Hesketh alikuwa pale pale, kwenye kona ya benchi. Theofila akamtazama akingoja aseme neno. Hesketh alisema.

"Mwanamke na kilima ni paka na maji. Nilimwambia, hakusikia."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Theofila akachukua samaki wake, akatoka. Hakulia. Ila usiku ule alimpakulia mumewe chakula bila kumwambia, kama alivyozoea, nyama iko upande gani wa sahani.

*

Ijumaa walishuka na shehena ya kawaida. Kulikuwa na magunia tu nyuma. Wenye magimbi wangefuata kwa basi. Jua lilichomoza ghafla juu ya mgongo wa mlima, likapiga kioo cha mbele. Theofila akakunja macho. Bado alikuwa na lile neno la paka na maji kifuani, na katika kulirudia rudia alinyamaza kidogo tu, kiasi cha kumeza mate.

Alipofumbua, palikuwa na mtu mbele.

"Kulia! Hesketh, kulia! Kulia!"

Hesketh akazungusha usukani kwa nguvu zake zote. Pikapu ikayumba, kitu kikagonga bati upande wa Theofila kwa mlio mkavu, gunia likaruka, na gurudumu la mbele likasimama pale lami inapoishia. Mbele ya kioo hapakuwa na kitu ila anga na maji. Theofila alisikia vijiwe vikiporomoka, vikiporomoka, kisha kimya.

"Ni nini?" Hesketh alisema. "Tefi. Ni nini? Nimegonga nini?"

Theofila alikuwa ameshashuka. Kwenye mtaro, katikati ya majani, alikuwa amekaa Gwenda binti yao, aliyetoka nyumbani mapema kwenda kazini kwenye duka la mikate. Mwavuli wake ulikuwa umevunjika vipande viwili. Kiwiko kilivuja damu. Zaidi ya hapo alikuwa mzima.

"Baba!" akapiga kelele. "Nimevaa nyekundu! Nimesimama, nimewapungia mkono! Hukuniona?"

Hesketh alikuwa ameshuka akishikilia mlango. "Gwenda? Ni wewe mwanangu? Umeumia?"

Alikuwa akizungumza na jiwe lililokuwa hatua kadhaa kutoka pale alipokaa binti yake. Gwenda akamtazama baba yake, akalitazama lile jiwe, kisha akamgeukia mama yake. Theofila aliona jinsi uso wa msichana ulivyobadilika, hasira ikitoka, na kitu kibaya zaidi ya hasira kikiingia.

"Mama," Gwenda akasema polepole. "Tangu lini?"

*

Mchana ule Theofila aliuweka ufunguo kwenye mfuko wa gauni lake, akaufunga mfuko kwa pini.

"Nipe," Hesketh alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, kiganja wazi.

"Sikupi."

"Ni gari langu. Nimelinunua kwa jasho langu kabla hata huyo Gwenda hajazaliwa."

"Ni lako. Lioshe, lipake rangi, lala ndani yake ukitaka. Kuliendesha, hapana."

"Na tutakula nini? Utabeba magimbi kichwani?"

"Nitaendesha mimi."

Hesketh akacheka, ila si kicheko cha watu. "Wewe? Wewe uliyenitia aibu—"

"Aibu!" Theofila akapiga meza, vikombe vikaruka. "Leo asubuhi ningekuwa nakata sanda ya mwanangu, wewe unaniambia aibu! Nimekuwa macho yako, nimenyamaza. Umenicheka dukani mbele ya Irvin na wenzake, nimenyamaza. Neno langu lilichelewa kidogo tu, Hesketh. Kidogo tu. Sitaki tena kubeba roho za watu mdomoni. Bora nizibebe mikononi, nikiua nijue nimeua mimi."

Gwenda alikuwa amekaa kitandani chumba cha pili, mkono umefungwa kitambaa, akisikia kila kitu. Hakuna aliyemwita.

Hesketh akabaki na kiganja chake wazi muda mrefu, kama ombaomba. Kisha akakirudisha mfukoni, akatoka kwa kuupapasa ukuta. Haikuwa tena na maana kujifanya.

Siku kadhaa hawakusemezana. Magimbi yalianza kuota mizizi ndani ya magunia. Wenye mizigo walipouliza, Theofila alisema gari ni bovu. Jumapili baada ya misa Hesketh alivaa viatu, akaenda akakaa kwenye pikapu, upande wa kushoto, mikono magotini. Theofila alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Akavua aproni.

*

Walijifunzia kwenye uwanja wa banda la zamani ambako watu walikuwa wakipakia ndizi za kwenda ng'ambo. Sasa banda lilikuwa la popo na majani. Nyuma yake palikuwa na mteremko wa saruji ambao zamani malori yalipanda kushusha mzigo, na huo ndio aliouchagua Hesketh.

"Mpaka katikati, simama," akasema. "Vuta breki ya mkono. Sasa sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Injini. Mimi siku hizi sioni ng'ombe, lakini nasikia vizuri kuliko popo hao. Ongeza mafuta kidogo. Achia klachi taratibu, taratibu. Umesikia? Sauti imeshuka. Kama mtu aliyejitwika mzigo, akaguna. Ikishaguna, gari limekushika. Hapo achia breki ya mkono. Kabla haijaguna, hata Papa aje Morne Zaboka kukuombea, usiachie."

Theofila aliachia mapema. Wakateleza, kifua chake kikajaa ule ubaridi wa kilima cha kanisani, akapiga kelele. Hesketh hakupiga kelele. Alishika tu ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na ndipo Theofila alipofahamu kwamba mumewe pia anaogopa. Kwamba kukaa kushoto, gizani, gari likiwa mikononi mwa mtu mwingine, ndio woga alioubeba yeye Theofila muda wote ule.

"Tena," Hesketh alisema.

Walirudia mpaka jua likazama nyuma ya banda. Walirudi Jumapili iliyofuata, na katikati ya wiki, na kila ilipopatikana nafasi. Kuna siku alipanda mteremko mara zote bila kuteleza, akafika nyumbani anaimba. Kuna siku alilizimisha gari hata mahali tambarare, akatamani kuutupa ufunguo baharini. Woga haukuondoka. Ila alianza kuujua, kama unavyomjua mbwa wa jirani: anakuja mbio, anabweka, ukisimama imara huenda asiume.

*

Siku ya mtihani wa pili aliendesha mwenyewe hadi mjini, Hesketh pembeni, kibali cha mwanafunzi dirishani. Kwenye ile kona ambapo vijiwe viliporomoka alipita polepole kiasi kwamba gari la nyuma likamtukana.

Koplo Darroux alikuwa yule yule, na ubao ule ule. Alimzungusha sokoni, akamrudisha kinyumenyume kati ya nguzo, akamwuliza ishara. Kisha akasema lile ambalo Theofila alijua atalisema: "Panda kanisani."

Katikati ya kilima, Koplo akamwambia asimame. Theofila akavuta breki. Kwenye kioo akaona mdomo mkubwa wa lori la kokoto ukimsogelea, ukasimama karibu kiasi cha kusoma uchafu wake. Honi. Jasho likamshuka machoni.

"Tuondoke, mama."

Alifumba mdomo. Akaongeza mafuta. Honi tena, ndefu, na mtu akacheka mahali fulani. Hakuisikia injini. Honi ilifunika kila kitu. Alitaka kulia. Mkono wake ulishaanza kuishusha breki, akauzuia. Haijaguna, alijiambia. Wacha wapige. Haijaguna.

"Mama?"

"Subiri, afande," Theofila akasema. Hakuwahi kumwambia askari asubiri maishani mwake. "Hawa wa nyuma wakichoka nitaondoka."

Koplo akamtazama. Dereva wa lori akachoka, akaachia honi ili apumue. Katika kile kimya kidogo Theofila aliachia klachi taratibu, na injini ikaguna, nzito, chini ya miguu yake. Akashusha breki. Pikapu ikasimama kidogo pale pale, haikwenda mbele wala nyuma, kisha ikapanda.

Waliporudi uani Koplo Darroux akatoa kalamu. "Umechelewesha mji mzima," akasema akiandika. "Lakini hukurudi nyuma hata inchi moja." Akachana karatasi, akampa. "Leseni yenyewe itafuata. Karatasi hii inatosha kuendeshea."

*

Kwenye njia panda, pale barabara ya Morne Zaboka inapoachana na ya pwani, kundi la watu wa mlimani lilikuwa likingoja usafiri na vikapu vitupu vya sokoni. Theofila alitamani kupita. Lakini hujapata kuona mtu wa mlimani akimpita mwenzake njia panda. Akasimamisha gari.

Irvin wa dukani alikuwepo. Alimwona Theofila nyuma ya usukani, akamwona Hesketh kushoto, akapiga kofi.

"Hesketh! Mwenzetu umeolewa lini? Hata mwaliko hakuna?"

Wakaangua kicheko. Theofila akaushika usukani, akingoja utani wa mumewe, ule wa kumwangusha mkewe ili Hesketh asimame. Hesketh akafungua mlango. Akashuka, akaushikilia ule mlango, akavua miwani.

"Irvin," akasema, "nakujua kwa sauti. Una kofia leo au huna? Mimi sijui. Sioni. Nimekuwa sioni tangu mwaka jana."

Kicheko kilikufa hapo hapo. Kila mtu alikuwa akifanya hesabu yake kimoyomoyo: siku ile ya mvua, siku ile ya sherehe ya Mtakatifu Petro, siku ile alipompakia mtoto.

Wa kwanza kusema alikuwa Ma Seraphine, mjane mwenye shamba la magimbi juu kabisa. "Mwaka mzima," akasema, "nimekaa nyuma ya gari hili na wajukuu zangu. Mwaka mzima, Hesketh?"

"Ndiyo, Ma."

"Na mimi nilijua," Theofila alisema kutoka ndani. "Nilikuwa namwelekeza. Nilijua."

Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akatema mate chini, akabeba kikapu chake, akaanza kupanda kwa miguu, na wengi wakamfuata. Irvin aliondoka nao bila kugeuka. Hesketh alibaki amesimama, uso wazi, akisikiliza hatua za watu aliowabeba maisha yake yote zikimwacha.

Ma Seraphine hakuwa ameondoka. "Leseni unayo?"

"Nina karatasi, Ma. Nimepewa leo."

"Lete." Akaisoma yote, akapeleka kidole kwenye muhuri, akaikunja, akairudisha. Kisha akatupa kikapu chake nyuma, akaanza kupanda, akiguna.

"Nilidhani umekasirika, Ma," Hesketh akasema.

"Hasira ninayo," Ma Seraphine alisema. "Magoti ndiyo sina. Na wewe mwanamke, polepole."

*

Aliendesha polepole. Mvua ilimkuta njiani, ile ya mlimani isiyobisha hodi, na kila kona aliamini ndiyo ya mwisho wake. Aliwapita waliokuwa wakitembea. Alisimama, hakuna aliyepanda, akaendelea. Akamshusha Ma Seraphine mlangoni kwake. Ma Seraphine hakushukuru. Alisema, "Jumamosi nina magunia matatu," akaingia ndani.

Nyumbani Theofila alizima gari, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Hesketh alishuka, akaingia ndani. Yeye alitaka kushuka, miguu ikakataa. Akakaa pale pale, mvua ikipiga bati, akawaza Jumamosi, na kilima, na wale watu wasiotaka kupanda. Akaogopa upya.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Hesketh alitoka bila kofia, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwingine umeshika kikombe. Ukuta ulipoisha alisimama kidogo, akaunyoosha mguu mbele, akauvuka uwanja wa tope peke yake, akienda kombo, mpaka kiwiko chake kikagonga bati la gari.

"Tefi? Bado umo?"

"Nimo."

Akapitisha kikombe dirishani. Ilikuwa chai ya kakao, ya moto, na nusu yake ilikuwa imemwagika njiani na kumchoma mkono. Theofila alikipokea, akainywa ile nusu iliyofika.